Aker, Wilaya Iliyoingia Mjini

Katika nchi ya Norwei, kaskazini mwa Ulaya, palikuwa na wilaya ya mashamba iliyoitwa Aker. Maana ya jina hilo ni shamba lililolimwa. Mashamba na misitu yake iliuzunguka mji mkuu, Oslo, ambao zamani uliitwa Christiania. Leo wilaya hiyo haiko tena, lakini habari zake zafaa kusomwa na kila apendaye kwao.

Asili yake ni usharika. Kanisa la kale la Aker, lililojengwa kwa mawe katika karne ya 12, lasimama hata leo, nalo ni jengo kongwe kuliko yote mjini. Mwaka 1837 Bunge lilitoa sheria kwamba wenyeji wachague mabaraza yao wenyewe, na huko mashambani mipaka ilifuata ile ya sharika. Basi mwaka 1838 Aker ikapata baraza lake. Hapo kwanza walichagua wanaume wenye mali au vyeo tu. Wanawake kadha wa kadha waliolipa kodi walipewa haki hiyo mwaka 1901, na wanawake wote mwaka 1910.

Lakini mji ulikua. Viwanda vya kando ya mto Akerselva vilivuta watu wengi, na Aker ikamegwa ardhi mwaka 1859, tena mwaka 1878. Reli ya umeme ya Holmenkollen ilipofunguliwa mwaka 1898, ikawa rahisi mtu kufanya kazi mjini na kulala Aker. Mabaraza yalikuwa mawili, maisha yakawa mamoja.

Tarehe 1 Januari 1948 wilaya ikaunganishwa na mji. Eneo la Oslo, lililokuwa kama kilometa za mraba 17, likawa 453. Mji ulipata nafasi ya kujenga nyumba, kama zile za Lambertseter zilizoanza kujengwa mwaka 1951. Watu wa Aker, wapata 130,000, walipoteza baraza lililokuwa lao peke yao kwa miaka 110.

Hata hivyo si yote yaliyopotea. Misitu ya Nordmarka yalindwa kwa sheria ya mwaka 2009, na jina la Aker lakaa katika kanisa, hospitali na mto. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Mpaka hufutwa kwa siku moja. Asili hudumu maadamu watoto huambiwa habari zake.