Fahamu kwa nini Hifadhi ya Gombe hutembelewa kwa miguu

Hifadhi ya Taifa ya Gombe, iliyoko kaskazini mwa mji wa Kigoma, haina barabara ya magari ndani yake. Mgeni hufika kwa boti kupitia Ziwa Tanganyika, kisha hupanda milima kwa njia za miguu akiwa na mwongoza wageni.

Sababu ya kwanza ni ardhi. Gombe, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, imekaa kwenye miteremko mikali ya Bonde la Ufa. Njia ikichongwa moja kwa moja kutoka juu hadi chini, maji ya mvua huigeuza kuwa korongo na kusomba udongo hadi ziwani, ambako tope huharibu mazalia ya samaki. Hivyo, njia bora huzunguka mlima taratibu na kuwekewa mitaro ya kuchepusha maji.

Sababu ya pili ni sokwe, ambao Jane Goodall alianza kuwatafiti hapo mwaka 1960. Sokwe huambukizwa magonjwa ya binadamu. Mwaka 1966 baadhi yao walipooza na wengine kufa kwa ugonjwa ulioaminika kuwa polio. Kila njia mpya huongeza mahali ambapo binadamu na sokwe hukutana, hivyo haipaswi kufunguliwa kiholela.

Wananchi wanaotembelea hifadhi hiyo wanakumbushwa kutotoka nje ya njia, kutowasogelea sokwe, kutoacha taka na kuahirisha safari wanapougua mafua.