Jani la Kijani Laweza Kuwa Limekufa

Mche wa mahindi wenye wiki mbili ukikosa maji, jani linaloanza kubadilika ni la chini kabisa, lile dogo lenye ncha butu lililochomoza kwanza. Umanjano huanzia nchani ukateremka taratibu, na kwa siku kadhaa unaweza kuuona mpaka wenyewe: juu manjano, chini bado kijani. Wakulima wengi husema jani limeungua. Halijaungua. Limezeeka kabla ya wakati, na kuzeeka huko ni kazi inayofanywa na mmea wenyewe.

Seli za jani hilo ziko hai muda wote huo. Zinabomoa umbijani, yaani ule ukijani unaonasa nuru ya jua, zinabomoa na protini, kisha nitrojeni iliyokuwamo inasafirishwa kwenda kwa majani machanga. Ni akiba ya mzee kwa wajukuu wakati wa njaa. Shida ni kwamba kiangazi kifupi kikiingilia katikati ya msimu, mche hugawa akiba mapema mno. Mvua inaporudi, majani ya kuupikia chakula yamepungua na mche umeshadumaa. Ndiyo sababu sisi tunaochunguza maisha ya mimea tunatafuta kemikali za kuuchelewesha uzee huo, angalau mpaka mvua irejee.

Msako huu si wa jana. Mwaka 1955 Carlos Miller, Folke Skoog na wenzao huko Wisconsin, Marekani, walipata kemikali iitwayo kinetini kutoka kwenye DNA ya mbegu za kiume za samaki aina ya heringi. Miaka miwili baadaye Richmond na Lang wakaonyesha kwamba majani yaliyokatwa hukawia kupoteza protini yakiwekewa kinetini. Mwaka 1963 Letham, huko New Zealand, akatenga zeatini kutoka punje changa za mahindi. Hiyo ni homoni ya jamii ileile, ila hii mmea huitengeneza wenyewe. Jina lake limetoka kwenye Zea, jina la kisayansi la mahindi. Homoni za jamii hii huitwa saitokinini.

Leo tunachuja kemikali nyingi kwa mkupuo mmoja. Unachukua miche ya umri mmoja, unatoboa majani yake kwa bomba dogo la chuma lenye makali, unapata viduara vyenye upana wa milimita 6 hivi. Kila kiduara kinaelea ndani ya kishimo chake kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Vishimo vingine vina maji matupu, vingine kiyeyushi kitupu, vingine saitokinini tunayoijua tayari. Vilivyobaki ndivyo vya kemikali zinazojaribiwa. Unatia chumvi, au unaifungia sahani gizani, ili uzee uje upesi. Baada ya siku nne hivi unafunua. Vya maji vimekuwa manjano kama ganda la ndizi mbivu, na hapa na pale kimebaki kiduara kimoja cha kijani. Nimefunua sahani hizo mara nyingi, na bado moyo hunienda mbio.

Ni lazima utulie, kwa maana hapo ndipo watu hudanganyika. Ipo sumu iitwayo saikloheksimidi, inayozuia seli kutengeneza protini. Itie kishimoni, na jani litakawia kuwa manjano. Halikuokoka. Kuzeeka kunahitaji vimeng'enya vipya, yaani protini zinazofanya kazi ya kubomoa, na sumu imewafungia mafundi mlango. Kina mama wanaokausha mlenda wanalijua jambo hili kwa njia yao: majani yaliyokaushwa vizuri na upesi hubaki na ukijani wake siku nyingi, na hakuna atakayesema yangali hai. Basi kemikali inayoua jani ghafla inaweza kuupita mchujo wa kwanza ikiwa imebeba bendera ya ushindi.

Kwa hiyo tunapima mara ya pili. Jani huwekwa gizani kwa muda, kisha humulikwa ghafla, na kifaa husoma mng'ao hafifu mwekundu ambao jani hilo linaurudisha. Mng'ao huo hueleza kama mitambo ya kunasa nuru bado inafanya kazi: jani zima lenye afya hutoa kipimo cha karibu 0.83, na lililochoka hushuka chini ya hapo. Kemikali zilizofaulu hapo huhamia kwenye miche mizima yenye mizizi, inayonyimwa maji kweli kisha ikamwagiliwa tena. Ukavu ukiisha tunaing'oa, tunaikausha na kuipima uzito. Mimi nauamini uzito kuliko rangi.

Hata hapo bado hatujamaliza. Kurt Mothes wa Ujerumani alionyesha kwamba ukipaka kinetini sehemu moja tu ya jani, sehemu hiyo hubaki kijani huku ikivuta virutubisho kutoka sehemu nyingine, ambayo huzeeka haraka zaidi. Yaani dawa iliyonyunyizwa pasipostahili inaweza kulishibisha jani kuukuu na kulinyima jani changa. Kwenye nafaka hasara yaweza kufika mezani. Mwaka 2006 watafiti wa ngano walidhoofisha jeni zinazoharakisha uzee wa majani. Majani yalichelewa kuzeeka kwa zaidi ya wiki tatu, lakini protini, zinki na chuma ndani ya punje vilipungua kwa zaidi ya asilimia 30. Nitrojeni iliyopaswa kuhamia kwenye punje ilibaki shambani ndani ya majani.

Hayo hayanikatishi tamaa. Mche hauna punje ya kulisha, kwa hiyo kuchelewesha uzee katika wiki zake za kwanza kuna hatari ndogo kuliko kuuchelewesha karibu na mavuno. Kinachotakiwa ni dawa inayofanya kazi siku za ukavu tu, kisha ikaisha nguvu na kuuacha mmea uendelee na mpango wake.

Nawe mkulima, ukiletewa chupa ya dawa ya majani pamoja na picha ya shamba lililokolea kijani, muulize muuzaji maswali mawili: walipima mavuno au rangi tu? Na lilikuwapo tuta la jirani lililonyunyiziwa maji matupu? Akikosa majibu, tenga mistari michache ya shamba lako, nyunyizia nusu, acha nusu, na siku ya kuvuna upime mwenyewe kwa mizani.