Bahari Hindi inavyoamua mvua ya Thika na Ruiru

WAHENGA walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hata hivyo, kwa mkulima wa kahawa wa Ruiru au mkazi wa Thika anayetegemea maji ya mfereji, dalili ya kwanza huweza kuonekana miezi kadhaa kabla ya wingu lolote kutanda. Dalili hiyo ni joto la maji ya Bahari Hindi, ambayo iko zaidi ya kilomita 400 kutoka miji hiyo.

Huenda jambo hili likamshangaza msomaji, kwa kuwa miji hii ya kaunti ya Kiambu iko bara, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Lakini sehemu kubwa ya unyevu unaozaa mvua katika eneo la kati mwa Kenya hutoka baharini. Jua huyapasha maji joto, maji hugeuka mvuke, nazo pepo huusukuma mvuke huo bara hadi kwenye miteremko ya milima ya Nyandarua. Hapo hewa hulazimika kupanda, hupoa, na mvuke ukawa mawingu na hatimaye mvua.

Mabaharia wa mwambao walizijua pepo hizi karne nyingi kabla ya setilaiti. Kaskazi hutawala kuanzia Desemba hadi Machi, nayo kusi huvuma katikati ya mwaka na kuiletea Kiambu ubaridi na manyunyu ya Julai. Kati ya misimu hiyo kuna kipindi cha tanga mbili, ambapo upepo hauna mwelekeo thabiti. Ni katika vipindi hivyo vya mpito ambapo ukanda wa mvua unaolifuata jua huvuka ikweta. Ndipo Kenya hupata masika kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Wakulima wa Thika huita masika mvua ya njahi, na vuli mvua ya mwere, kwa kufuata mazao ya misimu hiyo.

Kiasi cha mvua ya vuli hutegemea sana kile ambacho wanasayansi hukiita Daipoli ya Bahari Hindi, hali iliyofafanuliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 1999. Kwa kawaida, maji yenye joto zaidi hukusanyika upande wa Indonesia. Lakini katika baadhi ya miaka mambo hugeuka: maji ya karibu na Afrika Mashariki hupata joto kupita kawaida, huku yale ya Sumatra yakipoa. Hiyo ndiyo daipoli chanya, na mara nyingi huleta mvua kubwa kwetu. Daipoli hasi ni kinyume chake: mawingu hukusanyika Indonesia na Australia, nasi tukaachwa na ukavu.

Mfano wa hali hasi ulishuhudiwa mwaka wa 2016. Daipoli hasi yenye nguvu ilitokea, na mvua ya Oktoba hadi Desemba ikakosekana katika sehemu nyingi za nchi. Bwawa la Ndakaini lililoko Murang'a, ambalo huhifadhi maji ya mto Thika na lina uwezo wa kubeba mita za ujazo milioni 70, likapungua mno. Januari 2017 mgao wa maji ulianza jijini Nairobi, na mwezi uliofuata serikali ikatangaza ukame kuwa janga la kitaifa.

Miaka mitatu baadaye mambo yalikuwa kinyume. Mwaka wa 2019 daipoli chanya ilikuwa miongoni mwa kubwa zaidi kuwahi kurekodiwa, na mvua ya vuli ikanyesha kupita kiasi. Novemba mwaka huo maporomoko ya ardhi yaliua makumi ya watu Pokot Magharibi. Jambo la kuzingatia ni kwamba hapakuwa na El Nino yenye nguvu wakati huo.

Wakenya wengi huogopa El Nino, ambayo ni ongezeko la joto katika Bahari ya Pasifiki, kwa sababu ya kumbukumbu za mafuriko ya 1997. Mwaka huo El Nino na daipoli chanya zilikuja pamoja. Mwaka wa 2015 El Nino ilikuwa kubwa pia, lakini daipoli haikuwa na nguvu kama ile ya 1997, na mafuriko hayakufikia kiwango kilichohofiwa. Kwa hivyo, anayetaka kujua vuli itakuwaje asiulize habari za Pasifiki peke yake. Aulize pia Bahari Hindi ikoje.

Masika ni kitendawili kigumu zaidi. Daipoli kwa kawaida huanza kujengeka katikati ya mwaka na kufifia ifikapo Desemba, hivyo haisaidii sana kutabiri mvua ya Machi. Masika huathiriwa na mambo ya muda mfupi, kama vile wimbi la mawingu linalozunguka dunia kuelekea mashariki kwa siku 30 hadi 60, ambalo Roland Madden na Paul Julian walilieleza mwaka wa 1971. Vimbunga pia huchangia. Machi 2018, vimbunga vilivyokuwa karibu na Madagascar viliambatana na mvua kubwa nchini. Machi 2019, kimbunga Idai kilichopiga Msumbiji kilivuta unyevu kuelekea kusini, na masika ya Kenya yakachelewa. Ndiyo maana utabiri wa wiki moja au mbili huwa wa kutegemewa zaidi msimu huo kuliko ule wa miezi mitatu.

Suala lingine ni namna ya kuusoma utabiri wenyewe. Idara ya Hali ya Hewa hugawa uwezekano katika makundi matatu: mvua kuzidi kawaida, kuwa ya kawaida, au kupungua. Tuseme makundi hayo yamepewa asilimia 50, 30 na 20. Hiyo haina maana kwamba mvua kubwa imeahidiwa. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi ya aina hiyo, takriban miwili itakuwa mikavu. Vivyo hivyo, utabiri unapolegezwa hatari haiondoki. Oktoba 2023 Wakenya waliambiwa na viongozi wao kwamba mvua ya El Nino haingeleta uharibifu uliohofiwa. Kufikia mwisho wa Novemba, mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100.

Kwa mkulima wa Ruiru na Thika, hesabu hii ina thamani ya fedha. Mavuno makuu ya kahawa huja kati ya Oktoba na Desemba, wakati ambapo kahawa huhitaji jua la kuikausha mezani. Daipoli chanya ikitangazwa Septemba, ni busara kuandaa turubai mapema na kuchunguza ugonjwa wa matunda ya kahawa, ambao hupenda unyevu na ubaridi. Aina ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985 na kituo cha utafiti kilichoko mjini humo, hustahimili ugonjwa huo. Daipoli hasi ikitangazwa, matandazo shambani na matangi ya maji nyumbani ndiyo kinga.

Nao wanaoishi kandokando ya mito ya Ruiru, Ndarugu, Chania na Thika wasingoje mawingu. Mitaro huzibuliwa Septemba wakati kungali kukavu. Maji yakishaingia mlangoni, utabiri hauna tena la kumsaidia mwenye nyumba.