Kamera ya Kwanza ya Mwanaisimu: Anzia Masikioni

Mwaka jana, hapa Nyakasanza mjini Bunia, nilimrekodi bibi mmoja anayesimulia hadithi za Kilendu. Kamera niliyoazima ilitoa picha safi kabisa. Nilipokaa kuandika toni, nikakuta kelele za pikipiki zimefunika sauti yake. Niliporudi kwake, alikuwa amekwisha kuhama, na hadithi zile zikaondoka naye. Kwa hiyo wenzangu wanaoanza wakiniuliza wanunue kamera gani ya video ya bei nafuu, nawaambia waanzie masikioni.

Je, kinasa sauti peke yake hakitoshi? Hakitoshi kwa kila jambo. Kilendu kina sauti kp na gb, ambazo midomo na nyuma ya ulimi hufunga karibu wakati mmoja. Sikio lisilozoea huweza kuzikosea, lakini picha huonyesha midomo imefunga. Kufunga huko huchukua yapata sehemu ya kumi ya sekunde. Kamera ya picha 25 kwa sekunde itakupa picha mbili au tatu za tukio hilo. Ya picha 50 itakupa tano hivi. Basi idadi hiyo ina faida kwetu kuliko 4K, inayojaza kadi upesi.

Pili, tafuta tundu la maikrofoni ya nje na tundu la kusikilizia. Maikrofoni iliyo ndani ya kamera hukaa mbali na mdomo wa msemaji na karibu na kila kelele. Ya kubana kwenye nguo hukaa kifuani pake.

Tatu, hakikisha unaweza kupanga kiwango cha sauti kwa mkono. Kamera inayojipangia yenyewe hupandisha sauti ndogo na kushusha kubwa. Kilendu kina konsonanti za kuvutia hewa ndani, na dalili yake mojawapo ni nguvu ya sauti kuongezeka kabla midomo haijafunguka. Kamera ikishaichezea nguvu hiyo, kipimo chako hakiaminiki tena.

Nne, umeme wetu unakatika: chagua kamera ambayo betri yake hutoka, ununue ya pili. Kwa kasi ya megabiti 24 kwa sekunde, saa moja hula takriban gigabaiti 11. Kadi ya gigabaiti 64 itakufikisha zaidi ya saa tano.

Usipopata kamera yenye matundu hayo, tumia simu kwa picha na kinasa sauti kwa sauti. Piga kofi moja mbele ya simu mwanzoni, upate alama ya kuziunganisha baadaye.

Kabla ya kulipa, jirekodi mlangoni pa duka, pikipiki zikipita, kisha usikilize. Ukisikia toni zako mwenyewe bila shida, toa pesa. Usipozisikia, mrudishie mwenye duka kamera yake, hata kama picha inapendeza.