Chigongi na Majira ya Mwaka

Huangdi Neijing, kitabu cha tiba cha China chenye umri wa miaka ipatayo 2,000, kinashauri: majira ya baridi lala mapema, uamke jua likishachomoza, majira ya machipuko amka mapema utembee. Kwa msingi huo, walimu wengi wa chigongi, mazoezi ya Kichina ya mwendo na pumzi yanayosemwa kukuza nguvu ya mwili iitwayo chi, huyatuliza wakati wa baridi: magoti yamekunjwa kidogo, pumzi inashushwa hadi tumboni. Wapo watakaouliza, hiyo chi nani ameipima? Hoja ina uzito. Hakuna chombo kilichoithibitisha. Lakini saa ya mwili ipo, na watafiti wake walitunukiwa Nobel mwaka 2017. Saa hiyo hurekebishwa na mwanga, na urefu wa mchana wa Beijing hubadilika sana kwa majira. Basi ushauri waweza kufaa hata kama maelezo yake yana walakini. Ila karibu na ikweta mchana haubadiliki sana, hivyo kalenda hiyo isifuatwe kibubusa.