Hewa katika Nyumba ya Kuku

Watu wengi wa Lubumbashi na wa vijiji vya jirani huogopa mambo mawili kwa ajili ya kuku wao: mwizi na baridi. Kwa hiyo hujenga kijumba cha matofali, hukiezeka kwa mabati, huacha kilango kimoja tu, na jua likichwa huziba kila tundu kwa magunia. Mwizi hapati njia. Lakini hewa nayo haipati njia. Asubuhi kuku hutoka wakipiga chafya, macho yamevimba, na mama wa nyumba hushangaa kuona mayai yamepungua. Na labda fedha ya mayai ndiyo ilipayo shule ya watoto wake!

Tuulize kwanza: kuku anafanya nini usiku kucha? Anapumua. Mwili wake una joto kupita wetu: sisi tuna digrii 37, yeye ana 41 hivi. Tena hatoi jasho hata kidogo. Akiona joto hufungua mdomo na kuhema, na maji ya mwili wake hutoka pamoja na pumzi. Mapafu yake pia si kama yetu. Yameungana na vifuko 9 vya hewa, na baadhi ya vifuko hivyo huingia hata ndani ya mifupa. Basi hewa mbaya ikiingia katika kuku, yafika mbali sana.

Sasa tufanye hesabu. Kuku mzima hutoa mavi gramu 100 au zaidi kila siku. Kuku 10 hutoa kilo 1 kwa siku, kilo 7 kwa juma. Robo tatu ya mavi mabichi ni maji. Tuseme nusu yaanguka nje mchana. Bado zaidi ya lita 2 na nusu za maji zabaki ndani kila juma, bila kuhesabu maji ya pumzi. Yaende wapi? Hupanda juu kama mvuke, hugusa bati lililopoa, hugeuka matone, kisha hudondoka juu ya kuku. Watu husema bati limetoboka. Hupanda kulitafuta tundu, wala hawalioni.

Ubaya wa pili ni amonia. Ile sehemu nyeupe ya mavi ya kuku ndiyo mkojo wake. Vijidudu visivyoonekana kwa macho huila mahali penye unyevu, na hapo hutoka gesi kali iwashayo pua. Gesi hiyo huchoma macho ya kuku. Huharibu pia vinyweleo vidogo sana vilivyo katika njia ya pumzi, ambavyo kazi yake ni kufagia vumbi na vijidudu. Ufagio ukivunjika, ugonjwa waingia. Lakini mavi makavu hutoa amonia kidogo tu, na kinachoyakausha ni hewa.

Basi matundu yawe wapi? Tazameni moshi wa jikoni: hewa ya moto hupanda. Matundu makubwa yawe juu, chini ya paa, katika kuta mbili zinazotazamana. Kwa kuku 10 jengeni nyumba ya metre 2 na nusu kwa metre 1 na sentimetre 20. Katika kila ukuta mrefu acheni nafasi ya sentimetre 20 toka mwisho hata mwisho. Pigeni hesabu, mtapata metre mraba 1 ya matundu. Yatosha. Paa litokeze nje, mvua isiingie.

Miti ya kulalia iwe chini ya matundu, ili upepo upite juu ya vichwa vya kuku. Upepo unaompiga kuku mgongoni usiku kucha si hewa njema. Mwezi wa 6 na wa 7, upepo wa kusini-mashariki unapokuwa baridi, funikeni matundu ya upande ule kwa mkeka. Ya upande wa pili msiyaguse. Kuku mkavu hujifunika kwa manyoya yake mwenyewe. Aliyelowa ndiye ateswaye na baridi. Vifaranga ni jambo jingine: hao wataka joto mpaka manyoya yaote.

Na mwizi je? Pigilieni nondo katika nafasi ile, na juu yake wavu wa chuma wenye matundu madogo yasiyopitisha kidole, maana nyoka na panya nao hupenda mayai.

Kama nyumba imekwisha kujengwa, msiibomoe. Katika mstari wa pili wa matofali kutoka juu, toeni tofali moja, acheni moja, pande zote mbili. Mstari wa juu ubaki kushika miti ya paa.

Lakini msidhani hewa huzuia kila ugonjwa. Ule wa Newcastle, unaoweza kumaliza kuku wa kijiji kwa siku chache, wataka chanjo.

Mkitaka kupima, msiende saa sita mchana mlango ukiwa wazi. Nendeni alfajiri, kabla ya kuwafungulia kuku. Piga magoti, ingiza kichwa mlangoni, pua yako iwe kimo cha kuku, uvute pumzi. Macho yakiwasha, au mkono ukigusa bati ukarudi umelowa, ongeza matundu siku hiyohiyo.