Kuendesha Kompyuta kwa Mfumo Uliomo Katika Flashi

Kompyuta haifanyi kazi kwa nguvu ya umeme peke yake. Hata iwe ya thamani kubwa namna gani, mashine hiyo ni kama jahazi lisilo na nahodha mpaka ipate mfumo endeshi, yaani programu kuu inayogawa kazi miongoni mwa viungo vyake na kupokea amri zetu. Kwa kawaida mfumo huo hukaa katika diski iliyomo ndani ya kompyuta. Kutokana na mazoea hayo, watu wengi huamini kwamba mfumo ukiharibika, kazi zote zilizohifadhiwa nazo zimepotea. Imani hiyo si sahihi, na imewagharimu wengi.

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alinijia akiwa amefadhaika. Zilikuwa zimesalia siku mbili akabidhi tasnifu yake, na kompyuta yake ilikuwa imekataa kuanza. Fundi alikuwa amemshauri akubali diski ifutwe ili mfumo uwekwe upya. Tulichomeka flashi moja, tukaiwasha mashine, na baada ya dakika chache tasnifu ilikuwa mbele yetu, nzima. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jambo hilo linavyowezekana.

Kompyuta inapowashwa, programu ndogo iliyohifadhiwa katika ubao wake mkuu ndiyo huamka kwanza. Katika mashine za zamani programu hiyo iliitwa BIOS; katika mashine za siku hizi ni UEFI. Kazi yake ni kukagua viungo, kisha kutafuta mfumo endeshi kwa kufuata orodha ya mahali pa kutazama. Aghalabu diski ya ndani ndiyo ya kwanza katika orodha hiyo. Hata hivyo, mwenye kompyuta aweza kuibadili kwa kubonyeza kitufe maalumu mara tu mashine inapowaka, kama vile F12, F2 au Esc, kutegemea mtengenezaji. Flashi ikitangulizwa, kiini cha mfumo uliomo ndani yake hupakiwa katika kumbukumbu ya muda, yaani RAM, nacho hushika usukani.

Mfumo wa namna hii hubanwa ili uchukue nafasi ndogo, na sehemu zake hufunguliwa kadiri zinavyohitajika. Mabadiliko yoyote anayoyafanya mtumiaji huwekwa katika RAM. Ni sawa na kutandika karatasi angavu juu ya ramani na kuchora juu yake: mashine izimwapo karatasi hutupwa, na ramani hubaki safi. Atakaye kuhifadhi michoro yake yampasa atenge sehemu ya flashi kwa kazi hiyo.

Mbinu hii ina historia yake. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, alitoa kiini cha Linux, ambacho kila mtu yu huru kukinakili. Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, mfumo kamili ulioendeshwa kutoka katika sidii. Mwaka huohuo flashi ziliingia sokoni, lakini ile iliyouzwa na IBM ilibeba megabaiti 8 tu, ilhali sidii ilibeba takriban 700. Leo flashi ya gigabaiti 8, yaani kubwa mara 1,000, huhesabiwa kuwa ndogo.

Anayetaka kutengeneza flashi ya aina hii azingatie mambo manne. La kwanza, faili la mfumo halinakiliwi tu kama picha au barua; huandikwa kwa programu maalumu, kama Rufus, na kila kilichokuwamo katika flashi hufutika. La pili, mwendo hutegemea tundu: USB 2.0 hupitisha hadi biti milioni 480 kwa sekunde, na USB 3.0 hadi bilioni 5. La tatu, chembe za flashi huchakaa kwa kuandikwa mara nyingi. Kwa hiyo isiwe ghala pekee la kazi zako. La nne, flashi haiwezi kuponya diski iliyovunjika, wala kufungua iliyofungwa kwa msimbo wa siri usio nao.

Jambo hili la mwisho lina upande wa pili. Ikiwa mimi niliweza kusoma tasnifu bila kuulizwa nywila, mwizi wa kompyuta naye aweza. Diski yenye siri za watu, kama vile majalada ya wagonjwa, haina budi kufungwa kwa msimbo.

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi nzima haziwezi kupokea Windows 11. Kabla ya kuzitupa, shule na ofisi zetu zijaribu kwanza mfumo mwepesi kutoka katika flashi. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.